BUGALI HAULIWI MKAVU



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua lakini watu wachache wanakaa na kulifikiria. Ni chakula cha kila siku. Hatuongei juu ya chakula cha arusi wala cha Noeli wala cha Idi, maana hicho kila mtu anakikumbuka. Tunaongea juu ya kile kilichopikwa siku ya Jumanne ya kawaida, mvua inanyesha, hakuna mgeni, na watoto wanauliza kama kimeiva.

Sababu ya kuandika ni hii. Watoto wengi tulio nao hapa wamezaliwa Dzaleka. Ukimuuliza mtoto wa miaka kumi, "Kule kwenu walikuwa wanakula nini?", atakujibu haraka: "Bugali." Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ingine ilikuwa pembeni ya bugali, kwenye sahani ndogo, na ndiyo iliyotulinda na magonjwa. Nusu hiyo isipofundishwa, itapotea sisi tukiwa bado hai.

KULE KWETU TULIKULA NINI?

Tuanze upande wa Ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, Fizi, mpaka Kalemie. Pale chakula ni bugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, unaokaa tumboni mpaka kesho. Pembeni kuna sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa kwenye kinu, yakachemshwa muda mrefu, yakatiwa mawese, kitunguu na pilipili. Aliyejaliwa aliongeza ndakala, wale samaki wadogo ambao Warundi wanaita ndagala na Watanzania wanaita dagaa. Wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa haiwavuti tena samaki. Basi siku zile bei ilipanda, na nyumba zikarudi kwenye maharagi na lengalenga mpaka giza lirudi. Siku ya furaha ndogo, ulichomwa mukeke.

Ukipanda milimani, upande wa Walungu na Kabare, mambo yanabadilika. Huko maharagi ndiyo mwenye nyumba. Yanapikwa na ndizi, yanapikwa na viazi vitamu, yanaliwa na bugali. Wenye ng'ombe waliongeza maziwa ya mgando, mashanza kama Wabashi wanavyoyaita. Masisi na Rutshuru ni viazi mbatata, maharagi, kabichi na maziwa.

Burundi, maharagi yalikuwa karibu kila siku, saa ingine mchana na jioni, pamoja na bugali wa muhogo, ndizi za kupika au viazi vitamu. Rwanda vilevile, na kaskazini viazi mbatata kwa wingi, bila kusahau isombe.

Sasa tuangalie vizuri. Makabila ni tofauti, milima ni tofauti, lakini sahani inafanana. Kuna kitu cha kushibisha, kuna jani, kuna maharagi au samaki au maziwa, na kuna mafuta kidogo. Hakuna bibi yetu aliyesoma darasa la lishe, lakini hakuna aliyemwekea mtoto bugali mkavu kama alikuwa na njia ingine. Bugali mkavu ulikuwa alama ya msiba au ya vita.

SIKU MOJA YA KAWAIDA

Asubuhi watu hawakula sana. Kilichobaki jana kilipashwa moto, au kulikuwa na kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha, uji. Mchana ukiwa shamba, ulikula kile ambacho shamba lenyewe linatoa: muhogo wa kuchoma kwenye moto mdogo, karanga mbichi, muwa, embe, parachichi. Hiyo hakuna aliyeiita chakula. Ukimuuliza mtu kama amekula, angekujibu hapana, na kumbe tangu asubuhi mdomo haujapumzika.

Chakula chenyewe kilikuwa cha jioni. Mama anarudi na kuni kichwani na majani mkononi. Majani mengine hakuyapanda wala hakuyanunua. Lengalenga iliota yenyewe pembeni ya nyumba. Wakati wa mvua kulikuwa na uyoga, kulikuwa na kumbikumbi waliokamatwa kwa taa. Mboga ya namna hiyo ilikuwa ya bure kabisa, na ndiyo maana tuliidharau. Leo wataalamu wa lishe wanatuambia kwamba majani ya kijani, samaki wadogo wanaoliwa na miifupa yao na wadudu wale ni vyakula vyenye nguvu kubwa kwa mtoto.

Halafu kunawa mikono, mkubwa kwanza. Watoto walikula kwenye beseni moja. Hapo walifundishwa mengi bila mwalimu: usikimbilie kipande cha samaki, kula upande wako, usiinuke kabla ya mkubwa. Na mama alikuwa anaangalia. Mtoto aliyekula matonge mawili akaacha, mama alijua usiku ule ule kwamba kuna homa inakuja.

SABABU GANI MBOGA HAIKUKOSEKANA?

Hatutaki kusema kwamba kule kulikuwa paradiso. Njaa ilikuwepo. Ugonjwa wa mozaiki ulipoingia kwenye muhogo, majani yalijikunja na mizizi ikawa midogo kama vidole. Vita vya 1996 na 1998 vilipofika kwetu Kongo, mavuno yaliibwa na mbuzi wakachukuliwa. Burundi walikuwa wameanza kukimbia tangu 1993, Rwanda 1994. Kila mmoja anajua yake.

Lakini wakati wa amani, mambo mawili yalitusaidia. La kwanza ni mvua. Milima yetu inapanda mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja unaanza kama mwezi wa tisa, mwingine kama mwezi wa pili. Kabla maharagi ya kwanza hayajaisha, mengine yako ardhini. La pili ni muhogo wenyewe. Muhogo hauna haraka. Unaweza kukaa ardhini mwaka mmoja na zaidi, unakungoja. Ni ghala isiyohitaji paa wala kufuli, na juu ya ghala hiyo kuna majani ya kuchuma kila wiki.

TULIPOFIKA DZALEKA

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 hapa wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mahali ambapo zamani palikuwa jela. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 mpaka 12,000. Leo tumepita 50,000. Kwa hiyo shamba la nyuma ya nyumba, lile lililokuwa na lengalenga, halipo. Nyuma ya nyumba yako kuna nyumba ya jirani.

Mvua nayo ni moja tu, kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Ukivuna mahindi ndiyo basi, mpaka mwaka ujao. Wamalawi wenyewe wanaijua vizuri miezi ile migumu kabla ya mavuno, mwezi wa kwanza na wa pili, ghala likiwa tupu na mahindi yakiwa bado mabichi shambani.

Kwa miaka mingi posho ya PAM ilikuwa mahindi, maharagi au mbaazi, na mafuta. Baadaye familia zikaanza kupewa pesa badala ya magunia. Kuna vipindi ambapo posho ilikatwa mpaka nusu. Na hapa hapana kuficha: pesa zikiwa kidogo, kila mama anafanya hesabu ile ile. Ananunua unga kwanza, kwa sababu tumbo tupu linalia usiku. Mboga inangoja. Mboga ikingoja wiki mbili, wiki tatu, nyumba inazoea. Ndivyo sahani yetu ilivyopungua upande mmoja bila mtu kukaa kikao na kuamua.

Wale waliokaa mjini, Area 23 na maeneo mengine ya Lilongwe, walikuwa na soko karibu lakini walikuwa na kodi ya nyumba pia. Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi wa mijini warudi Dzaleka, familia nyingi zilifika hapa zikaanza upya, sufuria moja, mbaula moja. Hesabu ikawa ile ile: unga kwanza.

Tulichokikuta kwa wenyeji kilitufaa, kama tungeangalia kwa makini mapema. Mmalawi naye hali nsima mkavu. Pembeni lazima pawe na ndiwo, na ndiwo ni mboga ile ile yetu. Lengalenga yetu wao wanaita bonongwe. Sombe wao wanaita chigwada. Majani ya maboga ni nkhwani, majani ya viazi vitamu ni kholowa. Ndakala wa kwetu ana ndugu yake Ziwa Malawi, anaitwa usipa, naye anavuliwa usiku kwa taa. Kumbikumbi ni ngumbi. Hata bugali wa muhogo upo: watu wa Nkhata Bay wanauita kondowole. Tulidhani tumefika nchi isiyo na chakula chetu, kumbe tulikosa majina tu.

CHAKULA KILICHOSAFIRI BILA UJUZI WAKE

Ndugu wasomaji, sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Chakula kinasafiri upesi. Ujuzi wa kukipika na kukichanganya unabaki nyuma. Na pale ujuzi unapobaki nyuma, watu wanaumwa.

Mfano wa kwanza ni mahindi. Mahindi asili yake ni Mexico. Akina mama wa huko tangu zamani sana wanayachemsha na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na wanayala na maharagi. Mahindi yana vitamini moja inayoitwa niasini, lakini imefungwa ndani. Mwili hauipati vizuri. Ile chokaa ndiyo inayoifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na baadaye kusini mwa Marekani, magunia yalisafiri, chokaa ikabaki. Maskini waliokula mahindi peke yake walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi inachubuka na kuwa nyeusi pale jua linapopiga, shingoni na mikononi, halafu kuhara, halafu akili kuchanganyikiwa, na mwisho kufa. Watu wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger wa Marekani alionyesha kwamba unatokana na chakula, na mwaka 1937 niasini ikajulikana kuwa dawa yake.

Mtasema hayo ni ya mbali. Hapana. Yametokea hapa hapa Malawi. Kabla yetu, nchi hii ilipokea wakimbizi wa Msumbiji, karibu milioni moja. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga ndizo zilizowapa niasini. Karanga zilipokatika, pelagra ikaingia. Mwaka 1990 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 17,000. Wanawake waliumwa zaidi kuliko wanaume. Na waliochunguza waliona kwamba familia zilizopata karanga, zilizokuwa na bustani na zilizosaga mahindi yao nyumbani zilipona zaidi kuliko zingine.

Tusome tena sentensi ile. Karanga, bustani ndogo, na unga wa nyumbani. Hakuna dawa ya gharama hapo. Ni mboga ya bibi.

Mfano wa pili unatoka Ulaya, nchi ya Ayalandi. Wakulima wa kule walikuwa na mashamba madogo sana ya kukodi, na chakula chao cha kila siku kilikuwa viazi mbatata na maziwa ya mtindi. Watu walikuwa na afya nzuri, kwa sababu viazi na maziwa vinasaidiana. Lakini maskini walipanda aina moja tu ya kiazi karibu nchi nzima. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia kwenye majani, viazi vikaoza ardhini, na ikawa hivyo miaka iliyofuata. Kama watu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli kukimbia. Wajukuu wao leo wako Marekani, Uingereza, Australia. Nao walikuwa wakimbizi kama siye. Somo lao ni kwamba nyumba iliyotegemea chakula kimoja haina pa kushika siku kile kimoja kinapokosekana.

MUHOGO NA SIKU TATU ZA MAJI

Mfano wa tatu ni wetu wenyewe, na huu unatuhusu zaidi. Muhogo haukuzaliwa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini kwenye miaka ya 1500, ukaingilia upande wa Kongo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mababu zetu walijifunza kuutoa sumu: kumenya, kuloweka kwenye maji siku tatu au nne mpaka ulainike, kuanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo kutwanga na kuchekecha.

Wakati wa njaa na wa vita watu walifupisha zile siku. Waliloweka siku moja, wakatwanga, wakala, tena bila maharagi wala samaki. Upande wa Kwango, Kongo, na upande wa Nampula, Msumbiji, ulionekana ugonjwa wa konzo. Mtoto au mama anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na hairudi tena kama zamani. Hakuna dawa ya kuiponya. Kinga ni zile siku tatu za maji na mboga pembeni.

Hata sombe ina kanuni yake. Majani lazima yatwangwe vizuri mpaka yawe laini, halafu yachemshwe muda mrefu, sufuria bila kifuniko mwanzoni ili ule mvuke mbaya utoke. Siku hizi makala yamekuwa ghali na wengine wanatia soda ili mboga iive haraka. Tunaelewa shida ya makala, lakini tujue kwamba soda inaharibu sehemu ya vitamini. Twanga zaidi, tia soda kidogo au uache kabisa.

Sasa fikirini kijana aliyezaliwa hapa. Siku moja anarudi Fizi, au anapata muhogo sokoni Lilongwe. Nani alimwambia juu ya siku tatu? Mzazi akinyamaza, kijana atajifunza kwa miguu ya mtoto wake.

MILA ZINGINE TUZIACHE NJIANI

Tukisifu chakula cha kwetu, tuseme na yasiyofaa. Kulikuwa na nyumba ambazo baba alipewa samaki mzima, na mama mjamzito akala mchuzi. Sehemu nyingi mayai walikatazwa watoto na wenye mimba. Rwanda mwanamke alikatazwa nyama ya mbuzi, eti ataota ndevu. Na mpaka leo, mama wengi wanakula mwisho, kile kilichobaki chini ya sufuria.

Akina baba, hapa tunaongea nanyi kwa heshima. Kumbukeni wale wanawake wa Msumbiji walioumwa zaidi kuliko wanaume. Mwenye mimba na anayenyonyesha ndio wanaohitaji yai na samaki kuliko mtu yeyote nyumbani. Baba akigawa mwenyewe, akamwekea mama kwanza, hapotezi heshima. Watoto wanaona, na watamwiga.

BASI TUFANYE NINI?

Tunajua mfuko wa kila nyumba. Hatutaandika mambo ya nyama na jibini. Haya ndiyo tunayoweza:

1. Mboga iingie kwenye hesabu ya kwanza. Pesa ikifika, usinunue unga wote halafu ndipo utafute mboga. Weka kidogo pembeni kwa ajili ya maharagi, karanga na usipa.

2. Karanga kila wiki. Twanga karanga, tia unga wake kwenye majani. Wamalawi wanauita nsinjiro, na kupika namna hiyo wanaita kutendera. Chagua kwanza: karanga yenye ukungu au iliyosinyaa ina sumu, itupe, usimpe hata kuku.

3. Unga wa mgaiwa. Ufa woyera ni mzuri kwa macho, lakini mashine imeondoa ganda na kiini, na vitamini nyingi zimekwenda na pumba. Mgaiwa unashibisha zaidi na haupotezi mahindi yako.

4. Loweka maharagi usiku mzima na umwage yale maji. Yataiva haraka na makala yatabaki ya kesho.

5. Gunia moja la udongo mlangoni. Tia mbegu ya lengalenga, mwagilia maji ya kuoshea mboga. Baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Gunia halihitaji shamba.

6. Kausha majani wakati wa mvua, yakiwa mengi. Nkhwani na majani ya maharagi yanachemshwa kidogo, yanakaushwa kivulini ili vitamini A isiharibiwe na jua, yanawekwa kwa ajili ya kiangazi. Wenyeji wanaita mfutso. Ombeni majirani Wamalawi wawaonyeshe, hawakatai.

7. Uji wa mtoto usiwe wa mahindi matupu. Saga sehemu nne za mahindi na moja ya soya iliyokaangwa. Huo ndio uji ambao Malawi nzima unajulikana kama likuni phala, kwa jina la Likuni, hapo karibu na Lilongwe.

Hapa Malawi kliniki zinafundisha magulu sita ya chakula: vya kushibisha, mboga za majani, matunda, jamii ya maharagi na karanga, vya wanyama, na mafuta. Mama ukisikia somo lile, usidhani ni jambo geni la wazungu. Hesabu vidole vyako ukikumbuka sahani ya bugali, sombe, ndakala, maharagi na mawese, na embe baadaye. Yote sita yalikuwepo.

KAZI YA NYUMBANI KWA WAZAZI NA VIJANA

Tunaomba kila familia ifanye jambo moja mwezi huu. Jioni moja, zimeni simu. Mkubwa wa nyumba, awe bibi, babu au mama, aeleze chakula kimoja cha kwao kuanzia mwanzo: kilipandwa mwezi gani, kilivunwa namna gani, kililowekwa siku ngapi, kiliwekwa nini ndani, na nani alikula kwanza. Kijana anayejua kuandika aandike kwenye daftari. Msiandike tu jina la chakula, andikeni na kazi yake, maana jina bila kazi halimsaidii mtu kupika. Nyumba zisizo na mkubwa, na tunajua ziko nyingi, zialike jirani mzee. Atafurahi kuulizwa.

Ujuzi huu unaheshimiwa hata na wageni. Tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini limekuwa likileta Wamalawi na watu wa nchi zingine hapa kambini, na baadhi yao wanalala kwenye familia zetu na kula kile tunachokula. Wanarudi Lilongwe na kutamani sombe. Itakuwa ajabu mgeni ajue namna ya kuila, na mtoto wetu asijue namna ya kuipika.

Hatujui kila mmoja wetu ataishia wapi. Wengine wanangoja safari ya ng'ambo, wengine wanafikiria kurudi, wengine watabaki hapa hapa. Popote, utakuta chakula cha kushibisha. Kila nchi inacho. Cha pembeni yake ndicho utakachotakiwa kubeba mwenyewe, kichwani, na kumkabidhi mtoto.